Masomo Niliyoyafungia Mlango

"Rudi Kampala tu," waliniambia mjini Butembo, niliporudi na diploma yangu. Muuza vipuri mmoja, aliyenijua tangu nilipokuwa nikibeba mizigo sokoni, alicheka mbele ya wateja wake: "Hapa hata umeme inatushinda, papa, na wewe unasema batoto ba Beni batasomea mu telefone? Diplome yako ni ya kutundika ku ukuta."

Diploma hiyo ya kutengeneza masomo ya video nilijilipia mwenyewe huko Kampala, na mjini sikumwona mwingine aliyejua ninachojua. Nilitaka tu kionekane.

Kutaka huko ndiko kulikoniponza. Vita vilipofunga shule za vijiji karibu na Beni, nilimrekodi mama mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyekimbilia mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, na wanawe. Waliochoma shule yake walikuwa bado wanawasaka walimu. Nami nikaziweka video zake kwenye jukwaa la bure, wazi kwa yeyote, kwa sababu pale idadi ya watazamaji huonekana. Niliitazama kila asubuhi ikipanda. Kisha chini ya somo moja mtu asiyejulikana akaandika: "Mwalimu, tumefurahi kukuona. Dirisha hilo la buluu tunalijua."

Mwalimu alinipigia simu. Hakupaza sauti. "Papa, nilikubali kufundisha. Kuonyeshwa, hapana." Kabla ya adhuhuri alikuwa amehama.

Nilifuta kila kitu, nikaanza kusoma masharti ya majukwaa, mstari kwa mstari. Nani ataona? Je, wanaweka majina ya watoto wanaotazama, na mahali walipo? Nikifuta, kinafutika kweli? Yale ya bure yalijilipa kwa kuuza habari za watazamaji. Nilichagua moja la kulipia, lisilo na matangazo, lenye neno la siri, lisiloandika aliyetazama. Ada ilikuwa ya mwaka mzima, kwa hiyo nilikopa: kwa shemeji yangu mwenye malori, kwa kina mama wa kanisa, na kwa yule muuza vipuri, aliyenipa huku akicheka.

Mwalimu alirudi kufundisha. Sikumuuliza yuko wapi. Kwenye video kilionekana kibao, chaki na mkono wake tu. Neno la siri, walimu wa shule zilizofungwa waliwapa wazazi kwa mdomo.

Kulikuwa na majuma ambayo barabara haikupitika na wazazi hawakuleta habari. Sikuwa na njia ya kujua ni watoto gani bado wanatazama, na ni nani hayupo tena. Nilikuwa nimechagua jukwaa lisiloweza kuniambia.

Shule zilizohama pamoja na wanafunzi wake zikaanza kunilipa. Siku moja nikazunguka kuwalipa wote walionikopesha, muuza vipuri akiwa wa mwisho. Alitoa simu yake.

"Nimetafuta jina yako humu, papa. Hakuna kitu. Iko wapi ile kazi?"

"Iko."

"Basi nionyeshe."

Neno la siri nilikuwa nalo kichwani. Mungu anajua nilivyotamani kumwonyesha. Nikaweka pesa zake mezani, nikamwomba azihesabu.