Hauzidi Njegere

Mpaka leo nikipasua njegere mbichi, kabla punje hazijaangukia sufuriani, pua yangu huongeza yenyewe harufu ya spiriti. Wanangu hucheka wakiona nageuza uso. Huwaambia ni uzee. Ninyi nitawaambia ukweli, maana mmeshaketi.

Tuliishi Makambako enzi za Mwingereza, wakati pale palikuwa njia panda tu, maduka mawili matatu na vumbi la malori yaendayo Mbeya. Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, mwaka wa pili bila barua. Mama alijulikana kwa mbegu. Wanawake walitoka mbali kuja kubadilishana naye, na yeye alizichagua amefumba macho, akizipitisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. "Macho hudanganywa na rangi," alikuwa akisema. "Kidole hakidanganywi." Mungu anisamehe, nilimwona mshamba kidogo, kwa kuwa mimi nilikuwa darasa la tano katika shule ya misheni na nilikuwa nimeanza Kiingereza.

Mwalimu wetu alipenda sana kulinganisha vitu. Tulisimama kando ya madawati tukiimba kwa Kiingereza kwamba panya fulani hakuwa mkubwa kuliko kidole gumba, na kwamba nyumba fulani haikuzidi kisanduku. Kwetu sisi kitu kidogo husemwa kuwa ni kama punje ya ulezi, basi, na punje yaweza kuota. Mwingereza yeye alijenga ukuta: "no bigger than", haizidi hapa. Nikaamini kabisa kwamba kitu kikishasemwa hivyo kwa Kiingereza hakiwezi tena kuongezeka, kama ng'ombe waliokwisha kufungiwa zizini.

Ndiyo maana nilifurahi siku ile ya kwanza hospitalini Njombe. Mama alikuwa amegusa uvimbe katika titi la kushoto akivuna mahindi. Tulisafiri juu ya magunia ya chumvi katika lori la mfanyabiashara, ukungu ukitulowesha nyusi. Palikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda, mtu wa pwani, mpole, ajuaye Kiingereza, lakini Mama alikataa katakata. Mwanamume asiye mume wake hatalitaja titi lake. Daktari hakuhesabiwa, maana hakujua kusimulia kwa lugha ya mtu yeyote tuliyemfahamu. Basi mkalimani nikawa mimi, na miaka yangu kumi na miwili.

Daktari alibonyeza, akatabasamu, akasema uvimbe hauzidi njegere. Arudi baada ya mwezi. Nilimweleza Mama kwa Kibena, neno kwa neno, nikijisikia mtu mkubwa. Mama akashusha pumzi.

Kuna jambo lazima mlijue kabla sijaendelea. Lori lile lile ndilo lililomrudisha jirani yetu, Mama Yusta, mwaka mmoja kabla. Alikwenda Njombe kwa miguu yake, akakatwa tumboni, akarudi amefungwa blanketi. Blanketi lilikuwa fupi. Sisi watoto tulisimama barabarani tukaona nyayo zake zikitikisika kila lori liliporuka shimo, na Yusta, aliyekaa nami dawati moja, hakurudi tena shuleni.

Safari ya pili ilikuwa wakati wa baridi kali, majani yameganda sakitu hadi saa tatu. Daktari alibonyeza kwa muda mrefu na safari hii hakutabasamu. Alitaja tunda ambalo sikuwahi kulisikia. Aliponiona nimeduwaa, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akaonyesha duara. Hauzidi hivi, alisema. Kisha akazungumza polepole ili nisipotewe na kitu: lazima ukatwe, wiki hii hii, kabla haujasambaa. Mama abaki hapo hapo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kila neno.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

Niliona zile nyayo. Mpaka leo naweza kuwaonyesha ufa uliokuwa katika kisigino cha kulia.

"Anasema bado hauzidi njegere," nikajibu. "Turudi mwezi ujao."

Mama aliutazama mkono wa daktari, ambao bado ulikuwa hewani na duara lake. Kisha akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Twende, mwanangu. Lori lisituache."

Daktari aliuliza kama mama yangu anakataa. Nikamwambia anasema atafikiri. Akatikisa kichwa, akaandika kitu katika kadi, na dresa akatufungulia mlango.

Mwezi uliofuata hatukwenda, wala ule mwingine. Mama alikuwa na njegere za kuvuna, nami sikumkumbusha. Tuliporudi Njombe mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba hata hakuweza kujifunga kaniki mwenyewe. Nilijiandaa kwa tunda lolote ambalo daktari angelitaja. Hakulinganisha na kitu. Alikwenda kunawa mikono, akanawa, akanawa tena, mgongo ukiwa kwetu, na chumba kizima kikanuka spiriti. Hapo ndipo hofu ilipouvunja ukuta wangu wa Kiingereza.

"Anasemaje?"

"Hauzidi njegere, Mama."

Mama alicheka. Si kicheko cha uchungu, alicheka kweli, akaniwekea kiganja kichwani. "Kiingereza ni lugha nzuri," akasema. "Haikui."

Tulimzika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Shangazi, aliyekuwa miongoni mwa walioosha mwili, aliniita nyuma ya nyumba akanipa pindo la kaniki lililofungwa fundo. "Mama yako alisema hili ni lako," akaniambia. "Sijui ni mbegu gani hizi, mchanganyiko usiopandika." Ndani mlikuwa na njegere kavu moja, kokwa la pichi moja, na kiazi kidogo kilichonyauka.

Nilielewa pale pale, nikalia mpaka Shangazi akaogopa. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa vidole vyake, safari baada ya safari, na kuniacha niseme njegere kwa sababu aliona nahitaji kuisema. Kwa miaka mingi fundo lile lilinifariji. Nilijiambia kwamba uongo wangu haukumdanganya mtu, kwamba Mama alijua, na aliyejua alichagua.

Kisha binti yangu wa kwanza akafikisha miaka kumi na miwili. Tulikuwa tunapasua njegere barazani, yeye akinisimulia ya shuleni, na vidole vyangu vikasimama katikati ya ganda. Vidole vya Mama vilimwambia ukubwa. Kisu cha daktari hakikuwa vidoleni. Kisu kilikuwa katika maneno tu, na maneno yote nilikuwa nayo mimi.

Aliona duara, akajua namficha ukubwa, akanisamehe. Hakujua kama kulikuwa na la pili la kusamehe.