Samoni wa Kibali

Fusae Tanemori alipokuwa msichana mdogo, polisi walimkuta baba yake mtoni akiwa na kulabu na samoni wawili. Mzee Ichisaku hakukimbia. Aliwaambia kwamba mkewe anaumwa kifua, kwamba hao samaki ni wa supu, na kwamba babu yake aliwavua hapo hapo kabla serikali haijajua kama Mto Hirunai upo. Yalikuwa ya kweli yote. Sisi Waainu, wenyeji wa kale wa kaskazini mwa Japani, tuliishi kwa samaki wa mto ule. Lakini sheria ilikuwa imeshasema kuwa samoni akiingia mtoni kuja kuzaa, haguswi, na anayemgusa ni mwizi.

Akafungwa. Mkewe akazikwa theluji ikiwa bado iko juu ya mapaa. Mzee alipotoka, alipigilia mbao mlango wa nyumba uliotazama mto na kufungua mwingine upande wa mlimani. Tangu hapo akawa mkata magogo. Mto hakuutaja tena.

Mimi nimekuwa jirani yao maisha yangu yote. Fusae hakuolewa. Alisema wanaume waliokuja kumposa walitaka kujua kwanza kama baba yake ataishi nao, na yeye alitaka wanaume wasiouliza hilo. Alikuwa fundi wa kutarizi, mwenye vidole vyembamba visivyotetemeka. Ndiyo sababu mwenye duka la zana za uvuvi mjini alimletea manyoya, nyuzi na ndoana, akamfundisha kutengeneza nzi wa bandia, chambo cha kumdanganya samaki. Fusae alifunga manyoya mekundu na ya waridi kwenye ndoana, kidude kikatokea ambacho majini kilichezacheza kama kitu chenye roho. Aliishi kwa kazi hiyo na hakuwahi kumwona samaki aliyenaswa nayo.

Kisha mto ukafunguliwa, ila si kwetu. Mkoa ulitangaza kwamba kila vuli wavuvi wa mchezo wataruhusiwa kuvua samoni wanaopanda mto kuzaa, kwa nzi wa bandia na vyambo vya bati tu, kwa ajili ya utafiti. Majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu, aliyebahatika akapewa kibali. Wakaja kutoka Sapporo na Tokyo, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Mmoja wao, Hiraga, daktari wa meno, alikuwa hanunui nzi wa mtu mwingine isipokuwa Fusae.

"Mama Fusae, nzi wako wanaroga samaki," alimwambia siku moja kibarazani.

"Samaki anayekwenda kuzaa hali kitu, daktari. Tumbo limeshafunga. Anang'ata kwa hasira."

"Basi umefunga hasira nzuri sana," akacheka.

Fusae hakucheka.

Mwaka mzee Ichisaku alipoacha kuinuka kitandani, alimwita binti yake asubuhi, akasema neno ambalo Fusae hakulitegemea.

"Nataka samoni wa mto. Yule aliyechoka kupanda, asiye na mafuta. Mkaushe juu ya moshi kama alivyokuwa akifanya mama yako."

Fusae alinijia jikoni, hajavua hata buti. "Nikienda kumwiba usiku nikakamatwa, nani atamwosha Baba?" akaniuliza. Akaenda kuomba kibali kama wageni, na jina lake likatoka.

Nilimsindikiza. Alisimama majini katika mstari wa wanaume, amevaa suruali ya mpira ya kuazima iliyomkaa kama gunia. Samoni walipita miguuni mwao, ngozi imechanika kwa mawe, mikia imekuwa myeupe. Pembeni yake Hiraga alinasa mmoja mgongoni, akamburuta hadi changaraweni, akapigwa naye picha, kisha akamsukumia majini kwa mguu. Samaki akaelea tumbo juu.

"Huyo ameshaoza. Hata paka hamtaki," akasema Hiraga. "Mama Fusae, ngoja fimbo ikuite, usiikabe kama mwiko."

"Nimeshika mwiko miaka mingi kuliko ulivyoshika meno ya watu," Fusae akamjibu bila kugeuka.

Mshipi wake ulivutwa muda si mrefu. Alipigana na yule samaki huku midomo imekaza, akamtoa. Alikuwa jike. Mayai yalimtoka yakatawanyika juu ya changarawe, mekundu, na Fusae akapiga magoti akayakusanya kwa mikono miwili. Mlinzi wa mto, kijana aitwaye Nobuteru, alikuja na rula yake.

"Pole, shangazi. Lazima nimpime." Akampima, kisha akapitisha shavuni mwa samaki kipande cha plastiki chenye muhuri. "Usikitoe mpaka ufike nyumbani. Bila hiki watasema umeiba."

Fusae alimpeleka nyumbani vile vile. Alimweka mbele ya baba yake juu ya majani ya mianzi, na mzee akampapasa kuanzia mkiani, taratibu, uso wake umelegea kwa furaha. Vidole vikafika kwenye plastiki.

"Hiki nini?"

"Alama ya kibali, Baba."

"Uliomba?"

"Ningefanyaje? Samaki ni yule yule."

"Si yule. Wa kwangu nilimvua. Huyu umepewa." Akaurudisha mkono ndani ya blanketi. "Niletee wali."

Fusae alimkausha samaki hata hivyo, akidhani njaa au hamu itamlainisha. Mzee alikufa bila kuonja. Siku ya mazishi, wakubwa wa ukoo walimwambia aweke kipande cha samaki karibu na moto kwa ajili ya marehemu.

"Alimkataa akiwa hai," Fusae akasema. "Nisimlazimishe sasa ambapo hawezi kujitetea."

Akanipa yule samaki mzima niwape mbwa wangu.

Vuli iliyofuata Hiraga alirudi. Alitoa pole kwa heshima, akainama sana, kisha akauliza kama wapo nzi wa waridi. Walikuwepo. Fusae alimfungia kwenye karatasi. Alipoondoka nilimuuliza Fusae anawezaje kumuuzia.

"Wewe unadhani mimi ninakula nini?" akanijibu, akavuta taa karibu na kuchukua ndoana nyingine.