Bata Aliyesahau Kichina

Jamani, mimi nimeumbuka mara nyingi maishani, lakini siku niliyoanguka na meza, pazia na chakula cha watu mbele ya mabibi wa Kichina, huku nimevaa bata mkononi, hiyo sijapata kuona mfano wake, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu dada yangu Rehema anaisimulia vibaya (yeye huongeza kwamba nililia, na mimi sikulia, ule ulikuwa mchuzi wa soya machoni).

Ilikuwa Toronto, miaka ya tisini, baridi imeshika kwelikweli, nami nasoma chuo kikuu kile cha karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, naishi kwa Rehema ghorofani, natafuta kibarua chochote kisichonitoa nje kwenye theluji. Nikakipata kwa mwalimu mmoja, Daktari Lin, mama wa Kichina mpole sana, aliyekuwa akichunguza jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kupanga maneno ya Kichina cha Kimandarini, na hasa alitaka kujua kama mtoto anayesemeshwa lugha hiyo nyumbani kutwa nzima anatofautiana na yule ambaye wazazi wake wameshahamia Kiingereza. Sasa mtoto wa miaka minne huwezi kumkalisha ukampa mtihani, atakutazama tu. Kwa hiyo kulikuwa na kikaragosi, bata wa kitambaa, anayeongea ovyo makusudi, na watoto wanaambiwa huyu bata ni mgeni, akikosea mfundisheni, na mtoto anapomsahihisha ndipo Daktari anapojua kilichomo kichwani mwake. Bata alikuwa mimi. Nilijikunja nyuma ya meza yenye pazia (na urefu wangu huu mnaujua), nasema sentensi nilizokaririshwa bila kujua maana ya hata moja, na Daktari alisema ndiyo sababu alinichagua, eti sauti yangu haiwezi kumdokezea mtoto jibu.

"Kaka," Rehema aliniambia, "umepanda ndege mbili kuja kuwa bata?"

Basi kulikuwa na binti mmoja, Lian, aliyekuwa akiletwa na bibi yake. Wenzake wanamgombeza bata mpaka raha, yeye kimya. Kwenye shule ya chekechea nako kimya, hata mwalimu wake akamshauri mama yake kwamba mtoto amechanganyikiwa, Kichina kikome nyumbani, waongee Kiingereza tu. Na bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Maana yake ni kwamba yule bibi aliyemlea mjukuu tangu siku ya kwanza angekaa naye kutwa wakitazamana kama mabubu. Mama Lian alikuwa ameshakata shauri, Jumatatu wanaanza. Daktari akamsihi aje walau Jumamosi, familia zote zitakuwepo, amsikilize mwanawe mara moja tu.

Jumamosi ikafika. Mabibi wamekuja na maandazi yao ya nyama yaliyopikwa kwa mvuke, na kwa kuwa meza ilikuwa moja, wakayapanga juu ya meza yangu, juu ya pazia lile lile, pamoja na bakuli la mchuzi wa soya. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, tena wa busara kabisa kwa maoni yangu: pazia lilikuwa linateleza, nikachukua pini mbili nikalibana kwenye sweta langu.

Kupitia upenyo nikamwona Lian amekaa mbele, mama yake yuko nyuma na koti hajavua, na sentensi zote zikaniruka kichwani. Nikamwinua bata, nikasema nusu, nikanyamaza. Nikarudia ile nusu. Miguu imekufa ganzi, nikasema ngoja ninyooke kidogo, na mguu ulipokataa kunishika nikaenda chini kwa kishindo, pazia nyuma yangu, meza nyuma ya pazia, na maandazi na mchuzi vikanimalizikia kichwani. Kitu pekee kilichobaki juu ni bata. Na kwa mazoea, kwa sauti ile ile ya bata, nikasema Kiswahili safi: "Mama yangu, leo nimekwisha."

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lian akainuka. Hakunitazama mimi, alimwendea bata, akamfuta mdomo kwa mkono wa gauni lake, akamwambia neno moja, polepole, kisha jingine, kisha ile sentensi yangu akaimaliza nzima, na baada ya hapo hakunyamaza tena. Mabibi wakaacha kucheka wakamgeukia bibi yake, kwa sababu mtoto alikuwa anaongea kama yeye mtupu. Daktari akaniashiria nisiinuke. Basi nikalala pale pale kwenye mchuzi, narudia maneno ya mwalimu wangu mdogo, nakosea, ananisahihisha, na Daktari anaandika mbio mbio, maana (aliniambia baadaye) zilikuwa sentensi ndefu, kila neno mahali pake, ambazo hakuwa amezisikia kwa mtoto yeyote mle ndani.

"Alikuwa nayo haya yote?" Mama Lian aliuliza.

"Yote, kutoka kwa bibi yake," alisema Daktari. "Alikosa tu mtu ambaye yeye angemfundisha."

Mama Lian akavua koti. Akamwambia bibi maneno machache, bibi akafunika uso kwa viganja vyake. Nikamuuliza Daktari amesemaje. "Amesema, mama, Jumatatu endelea kuongea naye."

Mimi nimeapa sitajibana tena pini kwenye kitu nisichoweza kukibeba, na ninyi mkiwa na akili mtaniiga. Lakini aibu ile mkinirudishia leo naipokea kwa mikono miwili, kwani niliondoka kifua mbele, nanuka soya, kama mtu aliyetoka kushinda uchaguzi. Mlangoni Lian alikuwa ameshavaa kofia. Akarudi mbio, akamnong'oneza bata, ikabidi Daktari anifasirie.

"Anasema ukifika nyumbani, mwambie bibi yako akusemeshe."