Gia Iliyokaa Mahali pa Indiketa

Gari lile nililiogopa kabla sijaligusa. Nilikuja Dubai kuwa dereva wa nyumbani, na madam aliyeniajiri aliponifungulia lango la kwake Al Barsha, nilitarajia Mjapani wa kawaida kama wale niliowazoea Nakuru. Nikakuta sedani nyeupe ya Kimarekani, boneti refu mpaka ukikaa kwenye usukani huoni linakoishia, na buti ambalo ungemlaza ng'ombe na ndama wake. Wamarekani wenyewe waliacha kuliunda zamani. Haki, nilijiambia, hili si gari, hii ni nyumba ya kupanga.

Lilikuwa la baba yake madam, mzee aliyezaliwa Unguja akaletwa huku angali kijana. Nilimwita babu, nikampa shikamoo kila asubuhi, naye akanicheka Kiswahili changu. "Yakhe, nyie Wakenya Kiswahili mnakikaanga, hamkipiki."

Figo zake zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku moja nilimpeleka kliniki, ng'ambo ya Dubai Investments Park, akasafishwe damu. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wamemuunganishia mishipa miwili, ikavimba kama kamba chini ya ngozi, na hapo ndipo sindano zilipoingia. Nesi alinikalisha chini siku ya kwanza kabisa. Mkono huu usibebe kitu, usivute kitu, hasa akiwa ametoka kuchomwa. Ukifunguka, damu haitatiririka, itaruka, na mzee anaweza kukuishia humo garini. Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Babu hakutaka gari jingine, na nikisema kweli alikuwa na haki. Lile la madam lilikuwa refu kwenda juu, magoti yake hayakuweza kulipanda. Magari madogo yalimbana kiuno. Hili la kwake lilikuwa na mlango mpana, na kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu kama kochi, kutoka mlango hadi mlango, bila gia wala handibreki katikati. Alikuwa anakaa ukingoni, anavuta miguu ndani, kisha anajisogeza taratibu mpaka anatulia karibu yangu. Springi zilikuwa laini, matuta tulikuwa tunayasikia kwa mbali tu. Usukani ungeugeuza kwa kidole kimoja.

Sasa ngoja niwaambie kilichoninyima raha. Kwa kuwa katikati hakuna kitu, handibreki waliifanya pedali ya mguu, na gia wakaipachika kwenye shina la usukani, kijiti upande wa kulia. Kwetu Kenya, kulia kwa usukani ni indiketa! Kila Mkenya anayeanza kuendesha Dubai, ambako usukani uko kushoto na vijiti vimebadilishana pande, hukosea: anataka kukata kona, waipa zinaanza kufagia kioo kikavu, watu wanacheka, yanaisha. Kwenye gari hili indiketa na waipa zote zilikuwa kwenye kijiti kimoja cha kushoto. Ukikosea hapa hufagii kioo. Unang'oa gia. Kila nikiwasha injini nilikuwa najisemea kimoyomoyo, kushoto, kushoto, kushoto.

Basi siku moja tunatoka kliniki, babu amechoka, bandeji mpya mkononi, mbele yetu lori la kokoto. Ghafla lori likafunga breki. Nikataka kulikwepa kwa kuingia njia ya kushoto, ambayo huku ndiyo ya wenye haraka. Mazoea yana taabu, jamani. Mtu akiogopa, mkono wake unarudi kwao. Mkono wangu wa kulia ulirudi Nakuru, ukasukuma kijiti juu.

Gari likaachia. Nikakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, mwendo haupo. Tayari tulikuwa kwenye njia ya wenye haraka, tunaelea tu, na nyuma kuna gari kubwa jeusi linakuja likiwasha taa na kuzima, honi haikatiki. Woi! Akili ilinitoka. Nilijua kuna kitu nimefanya, sikujua ni kipi.

"Gia, mwanangu! Gia!" Babu alijirusha kwenye kochi lile, akakishika kijiti, akakivuta chini. Gari likaruka mbele, likashika. Lile jeusi likatupita ubavuni karibu kutuparuza.

Ndipo nikaona damu kwenye kanzu yake. Alikuwa amevuta kwa mkono wa kushoto.

Sijui nilifikaje kituo cha mafuta. Nilimkandamiza pale penye tundu kwa kidole gumba kama nesi alivyonionyesha, damu ya moto inapenya vidoleni, mimi naita Yesu, yeye anataja shahada, na mfanyakazi wa pampu anapiga simu ya ambulensi. Nililia waziwazi. Babu akaniambia, sauti ndogo, "Usilie. Kandamiza." Nikakandamiza mpaka watu wa ambulensi wakaja na kunibandua kidole.

Hospitalini madam alipotokea nilimwambia yote, hapohapo, sikungoja aniulize. "Khalas, imetosha," akasema. "Gari linauzwa." Lakini babu, uso mweupe kama chokaa, akainua kichwa kitandani. "Uza, kisha unibebe mgongoni wewe. Nitakwenda na gari hilihili, na huyuhuyu."

Nilitamani madam akatae. Kweli kabisa, nilitamani anifukuze, nirudi kwetu nikalime viazi, kuliko kukaa tena kwenye usukani ule na roho ya mtu pembeni yangu.

Babu alishinda; akaruhusiwa kutoka hospitali, na siku ya kliniki ikafika. Akaingia kama kawaida, akajisogeza mpaka mabega yetu yakagusana. Nikawasha injini, nikatia gia, na mkono wangu wa kulia ukabaki hewani, sijui niuweke wapi. Babu akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya paja langu, kiganja juu, bandeji na yote.

"Shika hapa kwenye kifundo, polepole. Ukishika huu hutashika gia."

"Babu, wewe huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Haya, yalla, tutachelewa."

Nikaendesha kwa mkono wa kushoto, njia ya kulia, nyuma ya malori. Chini ya vidole vyangu damu yake ilikuwa inanguruma, na mpaka tunafika kliniki sikulipita gari hata moja.