Viatu vya Mama Chini ya Kiti

Wiki iliyopita binti yangu alirudi Bunia na gari mpya, ile ya otomatiki, volan, ule usukani, iko upande wa kuume sababu imepitia Uganda. Akanipa ufunguo: "Mama, panda ujaribu." Nikavua viatu, nikaviweka chini ya kiti, nikaanza kutafuta ambrayaje, lile kanyagio la klachi, kwa mguu wa kushoto. Natafuta, natafuta, hakuna kitu. Binti akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, ule muguu uache upumzike. Na viatu unavua sababu gani, uko unaenda kulala?" Nikacheka naye, lakini moyoni niliumia kidogo. Mutoto wangu mwenyewe, na hajui. Basi nilimweleza yeye, na weye rafiki yangu, keti nikueleze vilevile.

Baba alikuwa na Toyota pikap, ya kijani iliyochujuka. Alikuwa anapeleka maharagwe, mawese na makayabu kwa wachimba dhahabu wa Nizi. Ile samaki ya chumvi ilinuka ndani ya kabini mwaka mzima, mpaka nguo zetu za kanisani zilinuka nayo. Mimi nilikaa katikati, magoti yamekunjwa upande wa mama, ili baba apate nafasi ya kuingiza vitesi, zile gia. Freni ya mkono, ile breki ya kushika gari kwenye kilima, ilikufa zamani. Na kanyagio la ambrayaje lilikuwa chuma tupu; mpira wake uliisha kabla sijazaliwa.

Tukirudi kutoka Nizi gari ikiwa tupu, baba alikuwa anasimama porini na kumpa mama volan. Alimfundisha miguu wazi. "Ukivaa kiatu, unasikia kiatu," alikuwa anamwambia. "Vua, usikie gari." Mama akajifunza kuachia ambrayaje polepole, mpaka kile chuma kinaanza kutetemeka chini ya unyayo wake. Hapo anashika, anangoja, na mguu wa kuume unakanyaga mafuta. Baada ya muda baba hakuangalia tena barabara. Alikula muhindi wake wa kuchoma na kutazama ng'ombe wa watu.

Lakini kabla ya nyumba za kwanza za Bunia, walikuwa wanabadilishana viti. Wakati ule mwanamke kwenye volan angesemwa mtaa mzima, na mama hakupenda kusemwa. Alivaa viatu, akafunga kitenge vizuri, akaingia mjini kama abiria. Tuliojua ni siye wa mule kabini, na mama jirani, muuza maharagwe, ambaye siku zote alipanda nyuma na magunia yake.

Baba alikufa katika msimu wa mvua. Kwetu mjane anakaa matanga miguu wazi, juu ya mkeka. Baba mukubwa, kaka wa marehemu, alifika kutoka Aveba, akaokota viatu vya mama pale mlangoni na kuviweka ndani ya sakoshi yake. Hilo halikumshangaza mtu, ni desturi. Ila matanga yakaisha, mama akanyolewa, akaoga, na viatu havikurudi.

"Nitakurudishia viatu, gari ikisha kwenda," baba mukubwa alisema. Shofere wake alikuwa njiani kuja kuichukua ile pikap.

Mama akauliza, "Na hawa batoto, watakula nini?"

"Batoto ni ba ukoo. Weye tulia."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa. Bila gari hakuna Nizi, bila Nizi hakuna sufuria jikoni, na shule ingekuwa ya watoto wa wengine. Baba mukubwa alitundika ufunguo kwenye msumari wa sebuleni, peupe kabisa, akalala usingizi wake. Kwake yeye mambo yalikwisha. Mwanamke mzima wa Bunia atatoka vipi nje miguu wazi, watu wadhani ameharibika kichwa? Kwenda sokoni hawezi, kwenda kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, kumshitaki hawezi. Mtu akikufichia viatu, amekufunga nyumbani. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Asubuhi mama jirani alifika na magunia yake kama siku yoyote ya soko. Wakayapakia wenyewe, bila haraka. Baba mukubwa alikuwa chini ya baraza na kikombe cha chai; aliwaacha, pengine alidhani shofere wake amefika na anachukua mzigo wa njiani. Mama akachukua ufunguo, akanishika mkono, tukapanda.

Kiwanja chetu kilikuwa kilima mpaka barabarani, na mvua ilikuwa imekilainisha usiku mzima. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wa jiko. Gari ikirudi nyuma kidogo tu, jiko linaanguka, na maneno ya ukoo hayataisha. Niliangalia miguu ya mama. Alikuwa ameipangusa tope kwa kitenge, ikawa mikavu. Wa kushoto ukapanda polepole, ukasimama. Gari ikatetemeka yote, pamoja na mimi, na haikurudi nyuma hata kidogo. Halafu tukapanda.

Baba mukubwa alisimama na kikombe chake. "Nani anaendesha?" aliita.

Mama jirani akamjibu kutoka juu ya magunia: "Mwenye gari."

Siku ile hatukubadilishana viti. Tulipita katikati ya Bunia, watu wakigeuka, na mama akaangalia mbele tu. Mimi nilinyoosha shingo ili wanione. Najivuna mpaka leo, siwezi kukuficha.

Jioni tulipoingia kiwanjani, shofere alikuwa amekuja na kurudi Aveba. Baba mukubwa alisogea mlangoni mwa gari na viatu mkononi. Mama akamwambia kwa heshima, "Asante, shemeji. Weka tu chini ya kiti."

Ile pikap ilitusomesha sote. Baadaye iliuzwa kama vyuma vya kuyeyusha, na kwenye kiwanja kile leo iko nyumba za kupangisha, udongo umefunikwa na simenti. Mama jirani alitangulia. Watoto wa siku hizi hawataki hata kujua ambrayaje ni nini, na siwalaumu, gari zao zinajiendesha nusu.

Mama naye tulimzika, ni miaka sasa. Wale bamama wa kanisa walileta viatu vyeupe, vipya, wakataka kumvalisha. Nikawashika mikono. Nikawaambia mumwache vile, labda kule anakoenda iko kilima.