Dumu la Mbege Lililotangulia Masama

Krismasi ile Basili alipopandisha Benzi yake Kibosho, watoto waliifuata mpaka uani, wakajitazama milangoni kama kwenye kioo. Ndani kulikuwa na baridi ya kutengenezwa, mtu unatetemeka huku nje jua linachoma! Basili alikuwa akiingiza magari kutoka nje tangu biashara zifunguliwe, na alijua kuyapaki yaonekane.

Pembeni, migombani, ilikaa Vokswageni ya Mektrida, mjane wa kaka yake. Mgongo wa kobe, rangi ya krimu iliyobabuka, injini nyuma, buti mbele, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba ya katani. Marehemu aliinunua enzi kahawa ikilipa. Alipokufa ukoo ukasema iuzwe, mwanamke ataifanyia nini? Mektrida akaenda kujifunzia kuiendesha kwenye uwanja wa shule. Aliangusha goli, akalisimamisha, akaendelea.

Sasa walikuwa wanapeleka posa ya mwanawe Denis huko Masama, na kwa desturi ya ukoo wao gari lenye mbege, pombe ya ndizi, ndilo huingia kwanza kwa wakwe.

"Shemeji, tuingie kwa watu na kobe?" alisema Basili. "Panda Benzi, ukae kimama."

"Mbege nimepika mimi, nitaipeleka mimi."

"Na likizima mlimani?"

"Utasukuma. Si una mwili?"

Watu wakacheka, isipokuwa Denis. "Mama, tafadhali, usinitie aibu leo."

Hilo lilimchoma Mektrida, lakini hakuachia ufunguo. Mwishowe wazee wakaamua: kila gari libebe dumu moja, Basili atangulie.

Mektrida alikuwa ameziba midomo ya madumu kwa majani makavu ya migomba, maana mbege ilikuwa bado inachacha na kutoa gesi. Basili akayachomoa ya dumu lake, akakaza kifuniko kwa nguvu zote, akaliweka ndani ya Benzi, miguuni pa Denis.

"Shemeji, iache ipumue."

"Ipumulie kwenye zulia langu?"

Wakaondoka. Benzi ilielea juu ya makorongo kama haiyaoni. Vokswageni ikafuata ikinguruma, ikila vumbi. Kwenye mlima wa kwanza vijana wa njiani wakapiga kelele, "Mama, shuka uibebe!" Mektrida akarudisha gia namba moja, akang'ang'ana na usukani.

Karibu na Masama akaikuta Benzi imesimama, milango yote wazi. Dumu lilikuwa limevimba kama chura, kisha kifuniko kikafyatuka. Povu darini, povu kwenye viti vya ngozi, na Denis ameloa kuanzia kola mpaka soksi. Basili alikuwa akifuta kiti kwa leso.

Mektrida akachungulia. "Imeshapumua?"

Basili akamtazama, akaitazama leso, akaikamua. "Haya, shemeji. Tangulia."

Denis alifungua kamba ya katani bila kuambiwa, akaingia, akalipakata dumu lililobaki. "Twende, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Getini kwa wakwe, mzee Filemon, baba wa binti, alitoka na wadogo zake. Akamwangalia dereva, akaangalia mzigo.

"Tuliahidiwa madumu mawili, mama."

"Yamekuja yote, baba. Lingine amelivaa mkwe wako."

Filemon akamsogelea Denis, akamnusa begani. Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti, kisha akalifungua lote.

"Ingiza gari, mama. Fika nalo mpaka mlangoni."

Mektrida akaingiza gia.