Chura wa Mama Honorine

Mwaka 1956, katika tribunali ya Uvira, mtu akitukanwa kwa Kirundi alitukanwa kidogo tu kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya Sévère, mkalimani. Mshitaki akilia kwamba jirani ni mwizi, Sévère alimwambia hakimu, "Anasema huyu muntu anapenda vitu vya wenzake." Hasira zikapoa, watu wakaenda zao. Hebu sasa mwone jinsi upole huo ulivyomponza.

Mkewe Bernardine alikuwa mtaani Kimanga kwa mama yake, Mama Honorine, tangu mvua zianze, maana paa la Sévère lilivuja, na mama huyo aliliona jambo hilo kama dharau kwa ukoo mzima. Sévère alienda kumbembeleza mama mkwe amrudishe mkewe, akarudi mikono mitupu. Kisha Mama Honorine akagombana na jirani yake Basile, akamshitaki kwa matusi, akamtumia mkwewe neno: nikishinda, binti atarudi. Sévère maskini akafurahi.

Siku ya kesi, hakimu Damien, mtu wa Makobola asiyejua Kirundi hata cha salamu, akauliza, "Alikutukana namna gani?" Mama Honorine akalitaja tusi waziwazi. Bernardine alikuwa kwenye benchi la nyuma. Sévère jasho likamtoka, kwani kwao mkwe hatamki tusi mbele ya mama mkwe, hata kwa lugha nyingine.

"Anasema aliitwa kitu cha majini, Bwana Hakimu."

"Samaki?"

"Si samaki sana."

"Hapa Uvira kuitwa samaki iko sifa. Sioni kosa. Tunafunga kesi."

Tunafunga! Na Bernardine je? Sévère akafumba macho.

"Chura," akasema. "Alimwita chura, Bwana Hakimu. Chura wa kupiga kelele usiku kucha mu nyumba ya watu, aliyemeza binti yake mwenyewe na anakataa kumtema."

Basile akainua mkono. "Bwana Hakimu, minye nilisema chura, basi. Ile ingine yote iko ya mkalimani."

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akaegemea ukuta. Aliyeanza alikuwa Bernardine. Basile alitozwa faini, kwa ajili ya chura peke yake. Mama Honorine akamuuliza mkalimani kwa Kirundi, wanacheka nini.

"Umeshinda, Mama," Sévère akamfasiria.

Lakini Basile alifuata njia moja na Mama Honorine kurudi Kimanga, akamfasiria yote, pamoja na nani aliyecheka wa kwanza.

Jioni Bernardine akaingia kwa Sévère, mkeka kichwani. Akatazama juu, akasogeza sufuria chini ya tundu la paa.

"Mama amenitema," alisema.